Chokaa Ndani ya Boila: Izuie Kabla Haijaganda

Mwongozo huu ni wa yule aliyekabidhiwa boila ndogo ya mvuke inayotumia maji ya kisima: kwenye chumba cha kufulia cha hoteli ya Diani au Nungwi, jikoni kwa shule ya bweni, hospitalini, kwenye kiwanda cha maziwa au cha sabuni. Mwenye birika la umeme na hita ya kuogea nyumbani naye ana fungu lake huko mbele. Nimesimama kwenye vyumba vingi vya boila katika mwambao wetu, na kinachoniuma ni kwamba karibu kila mara pesa hutengwa za kubomoa ukoko uliokwisha kuganda, wakati kuuzuia kungegharimu sehemu ndogo tu ya hizo. Vita na chokaa hupiganwa nje ya boila. Ikishaingia na kushika mirija, kila njia inayobaki ni ghali, na nyingine zinahatarisha maisha ya mtu anayesimama pale mbele ya moto.

Inatoka wapi

Maji ya mvua hayana chokaa. Yakipita hewani na kwenye udongo hubeba hewa ya ukaa na kuwa na tindikali kidogo, na yakikutana na mawe ya chokaa huyala polepole. Unguja, Mafia, kisiwa cha Mombasa, Lamu na sehemu kubwa ya ukanda wa pwani vimekaa juu ya matumbawe ya kale, mawe yale yale yaliyofanya viwanda vya saruji vijengwe Bamburi na Wazo. Kisima kinachochimbwa humo hutoa maji yaliyobeba kalsiamu, na mara nyingi magnesiamu pia, zikiwa zimeyeyuka kabisa hata jicho halizioni. Haya ndiyo maji magumu.

Yachemshe, hewa ya ukaa inatoka, na chokaa inakosa cha kuishikilia majini. Inarudi kuwa jiwe. Mapango ya Amboni karibu na Tanga yalichongwa na maji ya namna hii katika mawe ya zama za Jurasiki, na mawe yanayoning'inia darini mwake yamejengwa na chokaa iliyorudi kuganda tone kwa tone kwa maelfu ya miaka. Ndani ya boila kazi hiyo hiyo hufanywa na moto kwa wiki chache.

Sehemu hiyo inayoganda kwa kuchemshwa huitwa ugumu wa muda. Kuna ugumu wa kudumu, unaotokana hasa na salfeti na kloridi za kalsiamu na magnesiamu, ambao hautoki kwa kuchemsha tu. Usiudharau. Salfeti ya kalsiamu ina tabia mbaya ya kupungua kuyeyuka kadiri joto linavyozidi, kwa hiyo hujibandika mahali penye moto mkali zaidi, nayo huwa ngumu kama lipu ya ukutani.

Maji hayafanani kila mahali. Ya Ziwa Victoria, yanayotumika Mwanza, Kisumu na Entebbe, ni laini, na yale ya bwawa la Ndakaini yanayokwenda Nairobi vilevile. Fundi aliyelelewa na boila za huko anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuiona chokaa ikimsumbua. Akihamia Pwani na mazoea yale yale, mwaka hauishi kabla hajaitiwa mirija iliyovimba. Ukimwajiri, hilo mwambie siku ya kwanza.

Pima, usikisie

Watu wengi wa Pwani huyaita maji yote ya kisima maji ya chumvi. Kwa mwenye boila hapo kuna mambo mawili tofauti. Chumvi ya kawaida, ile ya mezani, haigandi kwenye mirija. Ina madhara yake nitakayoyataja. Kinachoganda ni kalsiamu na magnesiamu. Maji yanaweza kuwa matamu kabisa mdomoni yakawa magumu kupindukia, kwa hiyo ulimi haufai kuwa kipimo.

Kipimo cha haraka ni sabuni ya mche. Kwangua kidogo, tia ndani ya chupa yenye maji yako, tikisa. Maji laini hutoa povu upesi, likasimama. Maji magumu huwa meupe-meupe kama yametiwa maziwa, juu panakaa utando, na povu halidumu. Usitumie sabuni ya unga, kwani nyingi zimetengenezwa zitoe povu hata kwenye maji magumu, nazo zitakudanganya.

Kwa boila hilo halitoshi. Nunua vifaa vya kupimia ugumu kwa matone. Unachukua sampuli iliyopoa, unatia dawa ya kusawazisha, kisha rangi ya kiashiria. Maji yenye ugumu hugeuka mekundu kama divai. Halafu unadondosha dawa ya tatu tone kwa tone huku ukizungusha chupa, ukihesabu, mpaka wekundu uondoke wote na maji yawe ya buluu safi. Rangi ya zambarau bado si mwisho, ongeza tone. Idadi ya matone hukupa ugumu kwa miligramu za kalsiamu kaboneti kwa lita. Chini ya 60 ni maji laini, kati ya 120 na 180 ni magumu, na yakizidi 180 ni magumu sana. Visima vya kwenye matumbawe huvuka 180 bila shida.

Usipime mara moja ukaweka jibu ukutani kwa miaka mitano. Kisima cha karibu na bahari kikivutwa kupita kiasi wakati wa kiangazi, bahari huingia kwa chini. Maji ya bahari yana ugumu wa zaidi ya miligramu 6,000 kwa lita, hasa kwa sababu ya magnesiamu. Yakichanganyika na maji yako kwa asilimia 5 tu, umeongezewa zaidi ya 300. Pima maji ghafi angalau kila mwezi, na kila wiki kunapokuwa kukavu.

Hesabu ya kilo

Meneja asiyeshtushwa na miligramu hushtushwa na kilo, basi mpe kilo. Chukua boila inayotoa mvuke kilo 500 kwa saa, kwa saa 10 kwa siku. Hiyo ni tani 5 za maji, sawa na lita 5,000. Ugumu ukiwa miligramu 300 kwa lita, kila siku unaingiza kilo moja na nusu ya chokaa. Mvuke unatoka safi. Chokaa haipandi na mvuke. Kwa siku 25 za kazi umeingiza kilo 37 na nusu, zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji, ndani ya chombo ambacho nafasi kati ya mrija na mrija ni vidole viwili.

Hesabu hii inaonyesha pia thamani ya kitu kinachomwagwa ovyo, yaani mvuke uliotumika ukarudi kuwa maji. Maji hayo hayana ugumu na bado ni ya moto. Ukiweza kurudisha asilimia 60 yake kwenye tangi la kulishia boila, ile kilo moja na nusu inashuka kuwa gramu 600. Tena, kila maji ya kulishia yakipanda nyuzi 6 hivi za joto, unaokoa takriban asilimia 1 ya kuni au dizeli. Nimeona maji hayo yakimwagwa kwenye mtaro wa nyuma huku pampu ya kisima ikinguruma mchana kutwa.

Paa nalo lisisahaulike. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 500 za mraba, mahali panapopata milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 500,000, na hata ukitoa zinazopotea zinabaki lita nyingi laini za kulisha boila kwa wiki kadhaa. Wazee wa mwambao walijenga mabirika ya mvua kwa sababu walijua visima vyao.

Ukoko unafanya nini

Katika boila inayofanya kazi kwa bari 7, maji yana joto la nyuzi 170 hivi, wakati ndimi za moto upande wa pili wa chuma zinavuka nyuzi 1,000. Chuma hakiungui kwa sababu maji yanakipokonya joto papo hapo, na hivyo hubaki na joto linalozidi la maji kwa kiasi kidogo. Ukoko wa chokaa hupitisha joto kwa shida. Chuma kinaushinda mara 20 na zaidi, na ukoko wenye silika ni mbaya kupita huo. Ukikaa katikati, maji hayafikii chuma. Joto la chuma linapanda, na likifika nyuzi 400 na kuendelea, chuma cha kawaida cha boila huanza kupoteza nguvu. Presha inasukuma, mrija unavimba, dari ya tanuri inabonyea, na siku moja panapasuka.

Upotevu wa kuni nao upo. Idara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba ukoko wa kawaida wa milimita 0.8 hupoteza asilimia 2 ya nishati, na ukiwa na chuma na silika hufika asilimia 7. Meneja akiona asilimia 2 anaweza kusema ni kidogo. Mwambie kuni si hasara kubwa. Hasara kubwa ni kile chuma kilichoachwa bila maji ya kukipoza.

Kuna dalili unayoweza kuisoma bila kufungua kitu. Weka kipimajoto kwenye dohani na uandike joto la moshi kila siku, mzigo ukiwa ule ule. Joto lisiloingia majini hutokea huko. Likipanda taratibu, kwanza safisha masizi upande wa moto. Likiendelea kupanda baada ya masizi kuondolewa, tatizo liko upande wa maji. Kila nyuzi 20 hivi zinazoongezeka ni kama asilimia 1 ya kuni imepotea.

Sasa nataka usimame nami mahali pamoja, kwenye kile chumba kidogo kilichobandikwa ubavuni mwa boila, chenye boya linalopanda na kushuka na maji. Boya hilo ndilo huamuru pampu ilete maji, na ndilo huzima moto maji yakipungua mno. Tope na vipande vya ukoko hupenda kutulia humo, kwa sababu maji hayaendi kasi. Siku boya likinasa juu, pampu hudhani maji yapo, moto unaendelea, na mirija inabaki mikavu. Kwa hiyo kila zamu, moto ukiwa unawaka, fungua vali ya kumwaga maji ya chumba hicho. Moto lazima uzimike. Kwa boila ya kuni, feni isimame na king'ora kilie. Usipozimika, zima boila kwa mkono na usiiwashe mpaka chumba kifunguliwe na kusafishwa. Kioo cha kuonyeshea kina cha maji nacho kipulizwe kila zamu, maji yarudi kwa kasi. Yakirudi kwa kusuasua, njia yake imeanza kuziba.

Na ukikuta kioo hakina maji kabisa na boila ina moto, usifungue maji baridi. Zima moto, waondoe watu, acha ipoe yenyewe, uite mkaguzi. Maji baridi juu ya chuma kilichoiva ndiyo yanayozaa mlipuko.

Kulainisha maji kabla hayajaingia

Mwaka 1841 Thomas Clark, mkemia wa Aberdeen huko Scotland, alisajili njia ya kuondoa chokaa kwa kutia chokaa iliyozimwa ndani ya maji. Ile inayoongezwa hunyakua hewa ya ukaa na zote mbili huzama. Mitambo mikubwa ya maji bado hutumia njia hiyo. Kwa boila ndogo, njia inayofaa ni mtungi wa resini, ambao mafundi huuita sofna. Resini ni chembe ndogo za plastiki zilizobeba sodiamu. Maji yakipita, kalsiamu na magnesiamu hukamatwa, na sodiamu huachiliwa mahali pake. Sodiamu haigandi.

Chembe hizo zina kiwango cha kubeba, na hapa ndipo sofna nyingi hufa zikiwa bado zimesimama. Lita moja ya resini hubeba takriban gramu 50 za ugumu. Mtungi wa lita 100 unabeba gramu 5,000. Kwa maji yale yetu ya miligramu 300, hizo zinakwisha baada ya lita 16,000 na ushei, yaani siku tatu. Baada ya hapo maji yanapita kama kwamba mtungi haupo. Kwa nje huoni tofauti yoyote: pampu inalia vilevile, geji zinasoma vilevile, na chokaa inaingia kilo kwa kilo. Kwa hiyo funga mita ya maji kabla ya mtungi, na uoshe resini kwa kufuata lita zilizopita, usifuate siku za wiki. Siku ambayo hoteli imejaa inatumia maji ya siku mbili.

Kuosha resini ni kuipitishia maji ya chumvi yenye nguvu ya asilimia 10 hivi, ili sodiamu irudi na ugumu utupwe. Kwanza maji hupitishwa kutoka chini kwenda juu kuondoa taka na kulegeza chembe. Halafu chumvi polepole, nusu saa au zaidi. Halafu suuza mpaka chumvi iishe. Anayeharakisha hatua ya chumvi anaitupa chumvi. Gramu 100 hadi 160 kwa lita ya resini zinatosha, kwa hiyo mtungi wetu unahitaji kilo 10 hadi 16 kila mara.

Na chumvi yenyewe itazame. Chumvi ya bahari tunayo tele, ya Gongoni, ya Bagamoyo, ya Pemba, na ni jambo jema kuitumia. Lakini ile ghafi ya mashambani, isiyooshwa, hubeba magnesiamu na tope. Ukiosha resini kwa chumvi yenye magnesiamu unairudishia ugumu ule ule unaoufukuza. Nunua iliyooshwa, ya chembe kubwa, na usafishe tangi la chumvi kila baada ya miezi michache.

Kipimo cha maji yanayotoka kwenye sofna ndicho moyo wa mwongozo huu. Kila zamu, chupa moja, matone machache. Ikigeuka buluu papo hapo, endelea na kazi. Ikionyesha wekundu, hata hafifu, simamisha, osha resini, pima tena kabla ya kuruhusu maji yaingie. Lengo ni sifuri. Ukivuka miligramu 5 kwa lita, una tatizo. Kazi hii huchukua dakika mbili. Mfundishe mtu anayekaa na boila usiku, usimfundishe msimamizi wa mchana peke yake, kwa sababu wa usiku ndiye aliye karibu zaidi na hatari na ndiye anayefundishwa mwisho.

Kuna wauzaji wa vifaa vya sumaku vinavyofungwa juu ya bomba, wakiahidi kwamba chokaa haitashika tena. Matokeo yake hayatabiriki, na mimi nisingekabidhi boila ya mvuke kwa kifaa ambacho siwezi kukipima kwa matone.

Chumvi isiyoganda, na blodauni

Sofna haipunguzi jumla ya chumvi majini, inabadilisha aina tu. Mvuke ukitoka, chumvi zote zinabaki na kuzidi kukolea. Kwa boila ya mirija ya moto, jumla ya chumvi zilizoyeyuka, ile inayoandikwa TDS kwenye vipimo, isivuke miligramu 3,500 kwa lita. Ikizidi, maji hutoa povu, mvuke hubeba maji machafu, na shuka za wageni hutoka na madoa. Dawa yake ni blodauni, yaani kumwaga sehemu ya maji ya boila.

Hapa ndipo kisima chenye chumvi kinapokugharimu. Maji ya kulishia yakiwa na TDS ya 500, unalazimika kumwaga kama asilimia 17 ya kiasi cha mvuke unaotoa. Yakiwa na 1,500, unamwaga asilimia 75: kwa tani 5 za mvuke, tani 3 na robo tatu za maji moto zinakwenda mtaroni kila siku. Ukifika huko, sofna peke yake haitoshi. Weka mashine ya RO, kama zile za vibanda vya kuuzia maji ya kunywa, ichuje chumvi yenyewe; kuni utakazookoa zitakuwa zinailipa.

Blodauni ya chini, ya kutoa tope, ipigwe mzigo ukiwa mdogo: fungua vali mpaka mwisho kwa sekunde chache, funga, subiri, rudia. Macho yawe kwenye kioo cha maji muda wote, na mtu asiondoke vali ikiwa wazi hata kwa kuitwa na meneja. Kuacha vali imefunguliwa kidogo kutwa nzima hakutoi tope. Kunatoa maji moto tu na kuila vali.

Ugumu kidogo huponyoka hata sofna ikiwa nzima. Kwa hiyo ndani ya boila hutiwa fosfeti, inayougeuza kuwa tope laini la kutolewa kwa blodauni badala ya ukoko. Hutiwa pia dawa ya kuondoa oksijeni, kwa kawaida salfaiti, na pH huwekwa kati ya 10.5 na 12 ili chuma kisiliwe. Mvuke wako ukigusa chakula au maziwa, mwambie muuzaji wa dawa waziwazi, akupe zile tu zinazoruhusiwa kwa chakula. Dawa hizi ni za kusaidia sofna. Anayeiacha sofna ife na kuongeza fosfeti ataijaza boila tope.

Ukoko ukiwa umeshashika

Kwanza ujue ni ukoko gani. Boila ikiwa imezimwa, imepoa na haina presha, fungua vifuniko vya upande wa maji, uingize tochi. Tazama juu ya tanuri na mwanzo wa mirija, pale moto unapogonga zaidi. Bandua kipande, pima unene wake, halafu kidondoshee siki. Kikichemka na kutoa povu jingi, ni kaboneti, na tindikali itauyeyusha. Kikikaa kimya, kuna salfeti au silika, na tindikali ya kawaida haitafaa. Ukoko wa salfeti huhitaji kwanza kuchemshwa na soda ya kufulia ili ugeuke, na wa silika ni kazi ya wataalamu wenye dawa nyingine kabisa.

Kuosha boila kwa tindikali kufanywe na watu wanaoijua kazi hiyo. Tindikali inayotumika sana ni ya hidrokloriki ya asilimia 5 hivi, ikiwa imechanganywa na dawa maalumu ya kuzuia isile chuma. Bila dawa hiyo, inamaliza ukoko na kuendelea na mirija. Isitumike kwenye chuma cha pua, alumini wala bati lenye zinki. Inatoa hewa ya ukaa inayomkosesha mtu pumzi, na ikigusa chuma inatoa haidrojeni inayolipuka. Basi milango iwe wazi, na pasiwe na sigara wala moto wala kuchomelea. Tindikali hutiwa kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya tindikali, na isikutane na jiki, kwani hutoa gesi ya klorini. Baada ya kazi, boila ioshwe kwa maji ya magadi au soda mpaka ukali uishe, ndipo ifunguliwe na kuondolewa vipande vilivyoanguka chini. Vipande hivyo vikiachwa vitaziba mirija kuliko ukoko wenyewe.

Mkaguzi wa boila aone ndani ikiwa hivyo ilivyo, kabla ya kuchorwa rangi ya kumpendezesha. Tanzania Bara usimamizi huo uko chini ya OSHA, Kenya uko chini ya DOSHS.

Nyumbani

Chokaa kwenye maji ya kunywa haimdhuru mtu mwenye afya. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya. Kinachoumia ni vyombo na mfuko wako. Maharage hukawia kuiva kwa maji magumu kwa sababu kalsiamu hukaza ganda lake, ndiyo maana magadi kidogo huyalainisha haraka. Chai hupata utando juu.

Kwa birika, changanya siki na maji nusu kwa nusu, au kamua ndimu kadhaa, jaza mpaka juu ya ukoko, liache usiku kucha likiwa la vuguvugu. Asubuhi mwaga, suuza, chemsha maji mara moja uyamwage. Usikwangue kwa kisu. Fanya hivyo ukoko ukiwa mwembamba kama karatasi, kwani ukishakuwa mnene hubanduka vipande na kuacha vingine.

Hita ya kuogea iweke nyuzi 60. Juu ya hapo chokaa huganda kwa kasi zaidi, na chini ya hapo vijidudu huweza kustawi tangini. Ikianza kutoa sauti ya kupasuka-pasuka inapopasha maji, ukoko umefunika koili, nayo itaungua. Kata umeme kwenye swichi kuu, mwite fundi aifungue, aitoe koili na kusafisha tangi. Shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo nunua ile iliyotengenezwa kwa maji ya kisima, na umwambie fundi aunganishe waya wa ardhini ipasavyo, kwani maji yenye chumvi hupitisha umeme zaidi.

Hoteli inapofungwa kwa masika

Hoteli nyingi za Pwani hupunguza kazi Aprili na Mei, boila ikazimwa. Hapo hufanyika kosa linaloharibu kazi ya mwaka mzima: fundi anataka kwenda nyumbani, anaimwaga boila ikiwa bado ya moto. Tope laini lililokuwa linaelea linatua juu ya mirija yenye joto na kuokwa hapo hapo, nalo huwa gumu kama ukoko. Acha ipoe kwa siku nzima au zaidi, mpaka uweze kuugusa mwili wake kwa kiganja bila kuungua. Ndipo umwage, ufungue vifuniko siku hiyo hiyo, na uoshe ndani kwa mpira wenye maji ya nguvu kabla tope halijakauka, ukianzia juu ya mirija kwenda chini, mpaka maji yanayotoka chini yawe maangavu.

Ikiwa itakaa zaidi ya mwezi, ikaushe kabisa kwa hewa ya vuguvugu, weka ndani trei za chokaa hai ya kunyonya unyevu, zisiguse chuma, ufunge vifuniko vyote. Andika kwa herufi kubwa kwenye mlango wa moto kwamba boila haina maji na kwamba trei zimo ndani, uweke tarehe, na ufunguo umkabidhi mtu mmoja.